Ukipiga picha za msitu wa mlimani, anza na mng'ao

Wanaoanza kupiga picha milimani huuliza kwanza wanunue kamera gani. Yoyote inayokuruhusu kupanga mwanga mwenyewe inatosha, hata ya simu. Kinachoharibu picha za msitu wenye rangi ni mng'ao juu ya majani. Jani, liwe la kijani, la manjano au jekundu, lina ngozi laini inayorudisha mwanga wa anga. Mwanga huo hulala juu ya rangi, na picha hutoka imepauka ingawa pale ulipokuwa umesimama uliona msitu mzima unawaka.

Dawa yake ni kichujio cha polaraiza, yaani kioo cha kuzungushwa kinachopunguza mng'ao. Kifunge mbele ya lenzi, lenga tawi moja lililo karibu, kisha kizungushe polepole huku ukitazama skrini. Doa jeupe juu ya jani litafifia, wekundu utajitokeza chini yake, na ukizidi kuzungusha doa litarudi. Simama pale linapokuwa dogo kabisa. Ukigeuza kamera kutoka picha ya kulala kwenda ya kusimama, zungusha upya. Wengi hulisahau hili, wakaja kukilaumu kichujio. Kinasifiwa sana kwa kuikoleza anga, na kweli hufanya hivyo hasa jua likiwa ubavuni mwako, lakini kwa lenzi pana, ile inayoingiza eneo kubwa kwenye picha, anga hutoka na baka jeusi upande mmoja. Mimi naona kazi yake kubwa ni siku ya mawingu, mvua ikiwa imetoka kukatika na majani yote yamelowa. Siku kama hizo ndizo wengi hubaki nyumbani. Shauri yao.

Kichujio hicho hula mwanga, kama stopu moja hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), na chini ya miti mwanga wenyewe haba. Usiiache kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga kuingiza mwanga, ishuke ovyo. Majani yakitikiswa na upepo mdogo, 1/125 ya sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia; pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga. Chengachenga kidogo zinazoletwa na ISO ya juu huvumilika, majani yaliyofutika hayatengenezeki. Upepo nao huja kwa vipindi, kwa hiyo subiri utulie ndipo ubonyeze.

Jua likiwa kali saa sita mchana, msitu hugawanyika vipande vyeupe na vivuli vyeusi, na kupiga mandhari yote ni kujisumbua. Hapo geuka ulielekee jua, utafute majani ambayo mwanga unapenya kutoka nyuma yake. Ila angalia histogramu (mchoro wa kiasi cha mwanga kwenye picha, giza kushoto na weupe kulia) ya rangi tatu, si ile ya jumla peke yake: kwenye jani jekundu, mstari wa nyekundu hugonga ukingo wa kulia mapema, wakati ile ya jumla bado inaonyesha mambo shwari. Punguza mwanga mpaka urudi ndani, la sivyo mishipa ya jani itapotea na litabaki bapa la rangi.

Kamera ikijipangia rangi yenyewe, mara nyingi hudhani manjano yamezidi na kuyapooza. Iweke kwenye alama ya jua au ya wingu, au piga kwa RAW, faili ambalo kamera haijalichakata, urekebishe baadaye.

Kuhusu safari yenyewe: kamera ikae kifuani au begani, maana iliyo chini ya mkoba haipigi picha. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 hivi, na betri hupoteza nguvu kwenye baridi. Ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukiwa unatembea, usitazame skrini. Na kama umeamua kusubiri mwanga wa jioni huko juu, tochi ya kichwa iwe mkobani kabla hujaanza kupanda, kwa sababu chini ya miti giza huingia mapema kuliko kileleni.