Watu 6, viti 5: kabla hamjalipia gari la familia

Dada wa Kitengela, nimesoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Umesema bajeti yenu ni milioni 4, watoto ni watatu (miaka 11, 8 na 2), mama mkwe anaishi nanyi, na kila Desemba mnafunga safari ya Kakamega. Mume amekwisha kupenda Toyota Harrier, wewe unayumba kati ya Mazda CX-5, Subaru Forester na Nissan X-Trail. Wengi wamekujibu kuhusu injini, spea na bei ya kuuza tena. Hakuna aliyehesabu watu. Baba, mama, watoto watatu na nyanya yao ni watu 6. Harrier, CX-5 na Forester ni magari ya viti 5.

Najua utakachosema, kwa sababu nilikisema mimi: mdogo atapakatwa. Sisi tuko 5 nyumbani: mimi, mke wangu, watoto wawili na mama yangu. Dada yangu akija kututembelea tunakuwa 6, na kwa zaidi ya mwaka tulikuwa tukimpakata kijana wetu mdogo. Jumapili moja kwenye Southern Bypass lori lilihama laini bila kuwasha taa, nikafunga breki. Hatukugongana na mtu. Lakini kijana, wakati huo akiwa na miaka 3, alichomoka mikononi mwa shangazi yake akapiga mdomo kwenye kiti cha mbele. Meno mawili yaling'oka, na dada yangu alilia kuliko mtoto mwenyewe. Hakumwachilia kwa uzembe. Gari likisimama ghafla hakuna mikono ya binadamu inayoweza kumzuia mtoto. Tangu siku hiyo hakuna anayepakatwa kwetu, na dada akija hurudi kwake kwa teksi. Kwa hiyo usinione mkali nikisema kwamba swali lenu la kwanza si Mazda au Subaru. Ni nani atakaa wapi, na mkanda wake uko wapi.

Nilitafuta gari mwaka jana, 2025, kwa muda wa miezi minne hivi, katika yadi za Ngong Road na Kiambu Road. Kosa la wiki za kwanza lilikuwa kwenda peke yangu. Muuzaji anakufungulia mlango wa dereva, unashika usukani, unanusa ngozi ya viti, na tayari umeshajiona barabarani. Hakuna anayekukaribisha nyuma. Siku niliyokwenda na mama, mambo yakabadilika. Mama ana magoti mabaya. Gari la kwanza nililokuwa nimelipenda sana alishindwa kuliingia bila kusukumwa, kwa sababu mlango wa nyuma ni mwembamba pale chini mguu unapopita. Gari lile lile mimi nilikuwa nimeliendesha mara mbili nikaona halina dosari.

Tangu hapo kila gari tulilipima hivyo: mama anaingia na kutoka mara tatu, mke wangu anafunga kiti cha mtoto, mimi nakaa katikati nyuma kwa dakika 15 gari likiendeshwa na fundi wangu. Hicho kiti cha katikati kitakwambia mengi. Katika magari ya kuvuta magurudumu yote manne mara nyingi kuna nundu sakafuni, na anayekaa hapo hana mahali pa kuweka miguu. Kutoka Kitengela hadi Kakamega ni mwendo wa siku nzima, na mtoto wako wa miaka 8 ndiye atakayekaa hapo.

Sasa magari yenyewe, kama nilivyoyaona.

Harrier ni zuri, sitambishia mumeo. Ndani kumetulia, husikii barabara, na siku ya kuliuza hutangoja sana. Ile ya kati ya 2014 na 2019 wengi wanayoiona yadi ina injini ya lita 2, na kuanzia katikati ya 2017 ikaongezwa ya turbo. Lakini unalipia jina. Kwa pesa ile ile unapata CX-5 au X-Trail ya mwaka wa karibu zaidi, na buti la Harrier limeinama kwa nyuma, kwa hivyo mizigo ya juu haikai. Pia liko chini kuliko Forester, na matuta ya mitaani kwetu mnayajua.

CX-5 ndilo nililofurahia zaidi kuliendesha. Umbo la pili lilitoka Japani mapema 2017, na tofauti yake na la kwanza ni kubwa: kimya zaidi ndani, na abiria wa nyuma wana matundu yao ya hewa baridi. Giaboksi yake ni ya gia 6 za kawaida za kujibadilisha, wakati X-Trail, Forester na Harrier ya lita 2 ya kawaida zote zinatumia CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua. Kwenye mpando wa kutoka Mai Mahiu kuja Limuru unaihisi tofauti hiyo. CX-5 inashusha gia moja na kupanda. Zile nyingine injini inapiga kelele moja isiyobadilika hadi juu. Si ubovu, ndivyo CVT inavyofanya kazi, ila kama hukuzoea utadhani kuna kitu kinakatika. Nyuma, watu wazima wawili na mtoto wanakaa vizuri. Viti viwili vya watoto na nyanya katikati, hapana.

Mkipata CX-5 ya dizeli, sikilizeni hili. Gari letu la zamani lilikuwa SUV ya dizeli (si lazima kutaja la kampuni gani, magari mengi ya dizeli ya miaka hii yana mtambo huo huo). Kwenye ekzosi kuna kichujio cha masizi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yaungue gari lazima lipate moto wa kutosha kwa mwendo wa dakika kadhaa mfululizo. Mimi nilikuwa natoka Rongai hadi Upper Hill, asubuhi na jioni, kwenye foleni ya Magadi Road. Taa ikawaka, nikaipuuza. Baadaye gari likakosa nguvu kabisa, na oili ikaanza kupanda kwenye kijiti cha kupimia badala ya kushuka, kwa sababu dizeli ya kuchomea masizi ilikuwa inateremkia ndani ya injini. Fundi aliniuliza swali moja tu: unaliendesha wapi? Dizeli ni nzuri kwa anayekwenda Nakuru kila wiki. Kwa anayekwama Mlolongo saa kumi na mbili asubuhi, chukua petroli.

Forester ndilo tulilonunua. Nitakwambia kwa nini, halafu nitakwambia kwa nini nyinyi msilinunue. Milango yake ya nyuma ni mipana, kiti kiko juu kiasi kwamba mama anakaa kwa kurudi nyuma badala ya kushuka, na vioo ni vikubwa, kwa hivyo watoto wanaona nje na hawatapiki. Sakafu yake imeinuka milimita 220 kutoka chini. Mkiangalia Forester ya 2018 muwe macho: mwaka huo kuna mbili. Hadi katikati ya mwaka ni umbo la zamani la lita 2. Kuanzia Julai ni umbo jipya, la lita 2.5 au haibridi. Yadi zote zinaandika "Forester 2018" na bei zinakaribiana kwa namna ya kukuchanganya. Letu ni la 2.5, linakula lita moja kwa kilomita 8 hadi 9 mjini na kama 12 barabara ya Nakuru. Kwa watu 5 sijaona bora. Nyinyi ni 6.

Hapo ndipo X-Trail inapokuja, na nashangaa hakuna aliyekueleza kwamba kuna X-Trail mbili. Ile ya kuanzia mwisho wa 2013 iliuzwa Japani ikiwa na viti 5 au 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ya haibridi ina 5 peke yake. Mwulize muuzaji ya safu tatu, naye akikwambia "zote ni sawa", fungua buti uone mwenyewe. Safu ya tatu ni ya watoto, usidanganywe. Mimi nilijaribu kukaa, magoti yakanifika kifuani. Lakini wa miaka 11 na wa miaka 8 watakaa huko wakifurahi kuwa mbali na wazazi, mdogo afungwe kwenye kiti chake safu ya kati, na nyanya akae kando yake akiwa na nafasi ya mtu mzima. Safu hiyo ya kati inasogea mbele na nyuma, mtagawana nafasi ya miguu wenyewe. Na nyingi zina viti na sakafu zisizopitisha maji. Mwenye mtoto wa miaka 2 anajua thamani ya hilo uji unapomwagika.

Ubaya wake ni buti. Safu ya tatu ikisimamishwa, nyuma panabaki nafasi ya mifuko michache tu. Na mkitoka Kakamega na ndizi, mahindi na kuku, mtahitaji keria ya juu, tena iliyofungwa na mtu anayejua kazi. Pia lita 2 na watu 6 kwenye mpando wa Timboroa haziendi kwa kasi. Msilazimishe kupita malori. Giaboksi yake ya CVT inataka oili yake maalumu, iliyoandikwa NS-3, na anayewaambia haibadilishwi maisha yote msimsikilize. Wala msikubali kuwekewa oili ya kawaida ya giaboksi kwa sababu ni ya bei nafuu. Spea hazina shida, Kirinyaga Road mtazipata.

Mbadala uko. Mitsubishi Outlander ya petroli ina safu tatu. Mazda CX-8 ndiyo safu tatu bora kuliko zote hizi, ni ndefu, inakaribia mita 5, lakini za mwanzo zilikuwa dizeli tu, na nimeshawaeleza habari ya dizeli. Honda CR-V ya kuanzia 2018 ya turbo ina injini iliyo chini kidogo ya cc 1500 na iliuzwa pia ya viti 7. Kwetu Kenya injini isiyozidi cc 1500 inatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 badala ya 25. CR-V hiyo niliiona moja tu kwa miezi minne, ila kama mnaagiza wenyewe kutoka Japani inafaa kuulizia. Kumbukeni KRA, mamlaka ya kodi, wanakokotoa ushuru kwa orodha yao ya bei, si kwa bei mliyolipa mnadani. Na sheria ya miaka 8 haijalegezwa: mwaka huu wa 2026 gari la kuingia nchini liwe limesajiliwa kwa mara ya kwanza 2019 kuja juu. La 2018 mtakaloliona yadi liliingia kabla.

Kitengela kuna jambo jingine, ule udongo mweusi. Mvua za Aprili zikianza, si kila "4WD" (la kuvuta magurudumu yote manne) ya muuzaji ni ya kweli. Lala chini uangalie kati ya magurudumu ya nyuma: kama hakuna difu, lile bonge la gia linalopeleka nguvu kwa magurudumu ya nyuma, ni la kuvuta mbele tu. X-Trail ya kuvuta yote ina kitufe cha kuzungusha chenye neno LOCK karibu na gia. Hata hivyo matairi ya lami yakishajaa udongo ule, hakuna mtambo utakaowaokoa. Tengeni pesa za matairi ya kufaa. Na muulize tairi la spea, kwa sababu magari mengi ya Japani huja na kopo la dawa ya kuziba pancha badala ya tairi.

Kabla ya kulipa hata shilingi, ombeni karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko, na mlinganishe namba ya chesisi na kilomita. Alama 4 au 4.5 ni nzuri. Ikiandikwa R, gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Yadi moja walikataa kunionyesha, wakasema imepotea. Niliondoka, na gari lile bado lilikuwa hapo miezi miwili baadaye.

Jumamosi nendeni wote 6, na kiti cha mtoto mkononi. Bebeni na masanduku mawili ya Desemba. Mumeo akae safu ya kati kando ya mama yake, fundi aendeshe hadi Athi River na kurudi. Mkishapata la safu tatu lenye karatasi ya mnada, iweke hapa tuisome pamoja kabla hamjatoa pesa za Sacco.