Kununua simbilisi: mwambie muuzaji amwachie chini kwanza

Mkuu uliyeuliza utamjuaje simbilisi (guinea pig) mzima kabla hujatoa hela, mimi nafuga hapa Uyole, Mbeya, mwaka wa nne sasa, na ada ya kujifunza niliilipa.

Nilianza na wanne, mwezi wa tisa, majani yamekauka kila kona. Muuzaji kawajaza kwenye boksi, ananinyanyulia mmoja mmoja, naona manyoya yanang'aa, nalipa. Wiki haijaisha, mmoja anaburuta miguu ya nyuma. Nikasema baridi ya kwetu hiyo, nikaongeza nyasi za kulalia. Wapi! Jirani akataka tumchome penisilini ya ng'ombe. Bahati sikumsikiliza, maana dawa hiyo inamuua simbilisi. Mtaalamu wa mifugo alipokuja aliuliza kitu kimoja: huko walikotoka walikuwa wanakula nini? Pumba. Kumbe simbilisi ni kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C, lazima aipate kwenye majani mabichi. Akiikosa, viungo vinavimba na kuuma. Nikaanza kuwapa sukuma wiki na hoho kila siku. Yule wa miguu alikufa, wenzake wakasimama.

Kwa hiyo usinunue mnyama aliye mkononi mwa mtu. Mwambie amwachie chini. Mzima atakimbilia kona. Aliyejikunyata manyoya yamesimama, mwache hata akishushwa bei. Kisha mpakate mwenyewe, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine makalioni, msogeze sikioni. Akikoroma au pua ina kamasi, rudisha, huyo ataambukiza banda zima. Kidevu kikiwa kimelowa mate, shuku meno: hayaachi kukua, yakirefuka vibaya anashindwa kula. Nyuma pawe pakavu, hajaharisha. Papasa na nyuma ya masikio, chawa wanapapenda.

Jinsia kagua mwenyewe. Bonyeza taratibu juu kidogo ya sehemu za siri, akiwa dume, uume utajitokeza. Mimi wale watatu waliobaki niliambiwa ni majike watupu. Baada ya miezi miwili na ushee naamka nakuta vitoto vitatu, macho wazi, manyoya kamili, na kesho yake vinatafuna majani na mama yao. Watoto wangu walifurahi, mimi nikaenda kutafuta mbao za banda la pili.

Ukiweza, nenda nyumbani kwa mfugaji badala ya mnadani, uchungulie bandani. Ukikuta majani mabichi, hata akizidisha elfu mbili tatu, mimi ningempa.