Maswali na majibu: nyakati za vitenzi vya Kiingereza

Shikamoo mwalimu. Kwenye barua ya kuomba kazi niliandika "I worked at a hotel for three years". Kwenye usaili wakaniuliza niliacha lini, na mimi bado nipo hapohapo! (Mhudumu wa hoteli, Tanga)

Marahaba. Hawakukuonea. Ukiandika "worked", kazi imekwisha. Andika "I have worked at a hotel for three years", na miaka itahesabiwa mpaka leo. Usije ukaandika "I am working here for three years". Sisi husema "nafanya kazi hapa mwaka wa tatu sasa" na hakuna anayeshtuka, ila Kiingereza hakikubali.

Mwalimu wetu amenikata alama kwa "I have seen him yesterday". Kwani "nimemwona" si "I have seen him"? (Kidato cha tatu, Morogoro)

Ni hiyo, mpaka ulipotaja jana. "Have seen" haikai pamoja na muda uliokwisha: "yesterday", "last week", "in 2019". Hapo ni "I saw him yesterday". Lakini "I have seen him today" ni sawa, maana leo haijaisha. Hata "this morning" ina mambo yake: saa nne asubuhi unaweza kusema "I have seen him this morning", jioni sema "I saw him this morning".

Ugonjwa wenyewe hasa ni kuigeuza kila -me- kuwa "have". "Nimechoka" ni "I am tired". "Amesimama mlangoni" ni "He is standing at the door". Vitenzi hivi vikipata -me- vinaeleza hali aliyo nayo mtu sasa hivi. Mgeni akipiga simu kumuulizia baba, nawe ukamjibu "He has slept", ataelewa kwamba mzee ameshaupata usingizi wake, pengine hata ameamka, na atasubiri apewe simu. Sema "He is asleep".

"He has gone to Dubai" na "He has been to Dubai" si kitu kimoja? (Mombasa)

Hapana. "Gone": bado yuko huko, au yuko njiani. "Been": alikwenda, akarudi.

Kipi ni sahihi: "When we arrived, the ferry left" au "had left"? (Unguja)

Vyote viwili, ila safari ni tofauti. "Left": mlifika, ndipo boti ikaondoka, labda ilikuwa ikiwangoja nyinyi. "Was leaving": mliikuta inang'oa nanga. "Had left": mlikuta gati tupu.

Kwa nini "If I had money" wakati nazungumzia leo, si jana? (Mfanyabiashara, Arusha)

Kwa sababu wakati uliopita wa Kiingereza hutumika pia kwa jambo lisilo la kweli. Tuchukue pikipiki. "If I have money, I will buy it": nikiwa na pesa nitainunua, na huenda nikazipata. "If I had money, I would buy it": ningekuwa nazo ningeinunua, lakini sina. "If I had had money, I would have bought it": ningalikuwa nazo ningaliinunua, ila nafasi imeshapita. Siku hizi wengi wetu tunatumia -nge- hata pale ilipostahili -ngali-, na tunaelewana. Kwa Kiingereza usithubutu: ukisema "I would buy it", muuzaji atadhani pikipiki bado unaitaka.