Kilichonirudishia hedhi: mchunga, kiporo na dakika 15 za kutembea

Mdogo wangu uliyeuliza kama kuna la kufanya zaidi ya vidonge, maana hedhi inaruka na sukari imeanza kupanda: yalinikuta hayo hayo nikiwa na miaka 34, hapa hapa Tanga. HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, kilisoma asilimia 6.2, kuanzia 6.5 ndiyo kisukari chenyewe. Ultrasaundi ikaonyesha vifuko vingi kwenye ovari, ile hali ya homoni wanayoiita PCOS.

Daktari alinipa metformin, vidonge vya sukari, akanieleza kwamba insulini, homoni inayoshusha sukari, ikizidi huzichochea ovari zitoe homoni za kiume kwa wingi, yai halikomai. Kumbe ndevu kidevuni, hedhi kupotea na tumbo kukua vilikuwa na shina moja! Na mimi nilishanunua chupa tatu za dawa ya "kusafisha kizazi" mtaani, nikaharisha wiki nzima. Usiende huko.

Wali wa nazi sikuuacha. Ukimkataza mtu wa pwani wali wa nazi atavumilia wiki mbili, kisha ataurudia kwa pupa. Nilibadili mpangilio. Naanza na mchunga, ile mboga ya majani machungu, au kisamvu, nafuatisha vibua au maharage, wali unakuja mwisho, kiasi cha ngumi yangu. Mboga na samaki vikitangulia, chakula hutoka tumboni polepole na sukari haipandi kwa kishindo. Uchungu wa mchunga ukikushinda, chemsha, mwaga maji ya kwanza, unga kwa nazi kidogo.

Kiporo nacho watu hukishangaa. Wali au muhogo uliopoa kwenye friji usiku kucha, sehemu ya wanga wake huwa ngumu kumeng'enywa, na hata ukiupasha hairudi yote ilivyokuwa. Sukari hupanda pungufu kuliko ukila uliotoka kupikwa, si kwamba haipandi. Lakini wali uliolala kwenye sufuria jikoni, kwa joto letu hili, usiuguse: kuna vijidudu ambavyo sumu yao haifi kwa moto. Uingie kwenye friji mapema, kesho uliwe.

Lililonitesa ni chakula cha usiku. Mume wangu hurudi saa mbili, na kwetu kula kabla yake ilionekana kukosa adabu. Nikamweleza kwa upole: mimi nakula kabla ya magharibi, yeye namwandalia, nakaa naye na chai ya tangawizi isiyo na sukari. Alinielewa. Usiku mwili hauumudu wanga kama mchana.

Lakini kilichonisaidia kuliko yote ni kutembea dakika 15 mara baada ya kula. Siku za kazi nazunguka Ngamiani, Jumapili tunakwenda Raskazone. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kwenye damu hata kama insulini imechoka. Nilijipima kwa mashine ya mama ya kupima sukari ya papo hapo, isomayo kwa mmol/L: wali ule ule, saa moja baada ya kula, nikijilaza 10.4, nikitembea 8.1. Tangu siku hiyo sijilazi.

Mwezi wa tano tangu nianze, hedhi ilirudi. HbA1c sasa ni 5.6. Vidonge sikujipunguzia, daktari ndiye aliyepunguza. Kama unatumia insulini, zungumza naye kabla ya kusogeza mlo wa usiku, sukari isije ikashuka mno umelala. Na hedhi ikipita miezi mitatu bila kuonekana, nenda ukapimwe, maana ukuta wa kizazi huendelea kunenepa.