Si kila duara ni choa
Mzazi anauliza kama maduara miguuni mwa mtoto wake lazima yawe choa, yaani fangasi wa ngozi. Hapana, kama wiki tatu za dawa ya fangasi hazijayagusa hayo maduara, huenda ni pumu ya ngozi, ile inayotoka kwa umbo la sarafu. Tazama katikati: choa kwa kawaida hupona katikati na kubaki na ukingo wenye magamba, pumu hii huwa na gaga au majimaji duara zima, na inawasha kwelikweli. Nipo kliniki ya ngozi na hata sisi huyachanganya, ndiyo maana tunakwangua magamba kidogo na kuyaangalia kwa hadubini. Fangasi wasipoonekana, daktari humwandikia krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) yenye nguvu inayofaa umri wake, kwa muda mfupi, pamoja na mafuta mazito yasiyo na manukato kila siku. Gaga la manjano au usaha? Huenda bakteria wameingia, aonwe mapema. Ila zile tyubu za "tatu kwa moja" za duka la dawa, zenye steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria pamoja, usijinunulie: kama ni choa, steroidi itakificha huku kikisambaa. Ngozi ikishapona, alama nyeusi zinaweza kubaki miezi kadhaa, hizo usizipake dawa.