Kutoa na Kupokea Maoni Kuhusu Michoro ya Vyakula

Ninafundisha uchoraji hapa Mombasa, na katika mada zote ninazowapa wanafunzi, sijaona inayodai maoni ya uangalifu kuliko chakula, kwa sababu chakula wanakijua mno. Mwanafunzi akiwekewa mahamri na mbaazi za nazi, huchora mahamri anayoyakumbuka tangu utotoni, yote yakiwa na umbo moja na rangi moja, akayaacha yaliyo mbele ya macho yake. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya anayetoa maoni ni kumrudisha mchoraji kwenye sahani.

Kumwambia "umechora vizuri" hakumfundishi kitu, na kumwambia "umekosea" humfundisha kidogo tu. Mimi hupendelea kuuliza swali ambalo jibu lake liko mezani. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona hamri langu limekuwa kama jiwe?" Nikamwomba alitazame tena pale pembeni, na baada ya muda akaniambia kwamba juu na chini hamri limeshika rangi ya kahawia, lakini ubavuni, pale pande mbili zinapokutana, umebaki ukanda mwembamba wenye rangi hafifu. Yeye alikuwa amelizungushia mstari mzito na kulikoleza lote sawasawa. Alipoufuta mstari huo na kuuacha ukanda ule uonekane, hamri liliumuka kwenye karatasi. Penseli ilibaki mkononi mwake muda wote, kwani naamini mwalimu hana haki ya kuchora juu ya kazi ya mwanafunzi. Akitaka kuonyesha jambo, na achukue karatasi nyingine.

Makosa mengine hujirudia kiasi kwamba maoni yake yanaweza kutolewa kwa ufupi. Mdomo wa bakuli ukitazamwa kutoka pembeni huwa duaradufu isiyo na ncha kali, na kitako chake, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho, huelekea kuwa mviringo zaidi kuliko mdomo. Wali hauchorwi punje kwa punje. Hutiwa kwanza kivuli cha lundo zima, kisha punje chache hudhihirishwa pale mwanga unapokutana na kivuli. Mng'ao wa tui juu ya mbaazi ni weupe wa karatasi ulioachwa bila kuguswa. Hata hivyo, nisingemwambia mwanafunzi mmoja haya yote kwa mkao mmoja, kwa kuwa anayepewa mambo mengi huondoka hajui aanzie wapi.

Maoni ya wanafunzi wenyewe kwa wenyewe yanahitaji ulinzi wa mwalimu. Kijana mmoja alichora sima na mchunga, mboga ya majani yenye uchungu, na wenzake wakaanza kukicheka chakula badala ya kuutazama mchoro. Niliwazuia papo hapo, kwa sababu chakula ni nyumba ya mtu, na anayedharauliwa chakula chake hataleta tena kitu cha kwao darasani. Kisha nikawaomba waseme mwanga unatoka upande gani. Walipotazama kwa makini, walikiri kwamba tonge jeupe la sima, lisilo na mapambo yoyote ya kuliegemea, ni gumu kuchora kuliko sahani ya pilau, na kwamba mwenzao alikuwa ameupata mgeuko wa kivuli chake barabara.

Kwa upande wa anayepokea, ninamshauri asikilize hadi mwisho kabla ya kujitetea, kisha aulize, "Wapi hasa?" Anayeweza kuonyesha mahali kwa kidole anastahili kufuatwa hadi mezani ili neno lake lipimwe kwa chakula chenyewe, asiyeweza, pengine anaeleza mapendeleo yake tu, nayo yana heshima yake lakini hayalazimishi mtu kufuta kazi.

Maoni haya hayana budi kutolewa mapema, kabla samaki hajakauka na kivuli cha dirishani hakijahama, kwani baada ya hapo hakuna tena cha kupimia. Mwezi wa Ramadhani huwa naweka nazi, ndizi mbichi na vitunguu badala ya chakula kilichopikwa, kwa kuwahurumia waliofunga, na vitu hivyo hudumu mezani hadi somo linalofuata, hivyo mwanafunzi hupata nafasi ya kurudia mchoro wake akiwa na kitu kilekile mbele yake.