Maswali na Majibu: Steki ya Melini, Ulaini Usikudanganye

SWALI: Nimerudi juzi kutoka safari ya siku saba ya meli ya kitalii, tulipandia Miami. Usiku wa kwanza steki ya ukumbi mkuu ilikuwa ya kijivu na ngumu. Usiku wa tatu tukaletewa prime rib laini hata kisu hakikuhitajika, lakini haikuwa na ladha, na ukiigeuza kwenye taa inang'aa kijani. Shemeji yangu anasema nyama ya melini ni ya barafu, ya daraja la chini, imelainishwa kwa dawa. Mke wangu anasema imeandikwa "prime", na laini hivyo, basi ni ya juu kabisa. Nani yuko sahihi? Na tukienda tena mwakani, nilipie ule mgahawa wa steki wa pembeni?

JIBU: Wote wawili wamekosea, ila shemeji yako ameugusa ukweli mahali pamoja kwa bahati tu.

Nianze na huo ukijani, maana ndio unaosambazwa kwa picha ukiitwa "formalini". Nyuzi za nyama iliyoiva zikikatwa kwa kukingama na kisu kikali cha mashine, uso wa kipande hubaki na mifereji midogo mno iliyopangana. Mwanga ukiipiga hutawanyika kuwa rangi rangi, sawasawa na mgongo wa CD. Inamisha sahani kidogo: rangi ikihama au ikitoweka, huo ni mwanga na si kitu kingine. Nyama iliyooza haibadiliki rangi kwa kuinamisha sahani, huteleza kidoleni, na pua inakuwa imeshakwambia kabla ya jicho. Wanaouza vipimo vya "kemikali" kwa ushahidi wa mng'ao huo ni matapeli, sina neno laini zaidi.

Kuhusu neno "prime", mkeo ameuziwa mbuzi kwenye gunia bila mtu yeyote kusema uongo. Prime rib ni jina la mkato: nyama ya ubavu wa sita hadi wa kumi na mbili, inayookwa ikiwa pande zima. Prime peke yake ni daraja la Wizara ya Kilimo ya Marekani (USDA), la kwanza kati ya manane. Chini yake ni Choice, halafu Select, na mengine matano. Mpimaji hutazama mnofu wa mgongo uliokatwa kati ya ubavu wa 12 na wa 13, akapima michirizi ya mafuta iliyomo ndani ya mnofu pamoja na umri wa mnyama. Prime rib inaweza kutoka kwa ng'ombe wa daraja la Choice au Select na jina lisibadilike. "Angus" nayo ni aina ya ng'ombe, haikuambii daraja. Na meli ikipakia chakula Ulaya mambo hubadilika tena, kwa sababu mfumo wa huko, EUROP, hupima umbo la mzoga na mafuta ya juu yake, hausemi lolote kuhusu michirizi ya ndani. Kwenye menyu tafuta maneno yaliyokaa pamoja: "USDA Prime" au "USDA Choice". Yasipokuwepo, chukulia kwamba hujaahidiwa daraja lolote.

Sasa barafu. Meli hupakia shehena kubwa kwa mkupuo, kwa kawaida siku ileile inaposhusha abiria na kupandisha wengine, kwa hiyo sehemu kubwa ya nyama yake kugandishwa ni jambo la kutarajiwa. Hilo peke yake halimshushi ng'ombe daraja. Swali ni aligandishwa lini. Baada ya kuchinjwa, nyama inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa karibu nyuzijoto 0 hadi 2 za Selsiasi kwa wiki mbili au zaidi, ikiwa kwenye mfuko usio na hewa, ili vimeng'enya vyake yenyewe, yaani protini zinazovunjavunja nyama, vizikate nyuzi za mnofu kwenye viungio vyake. Ikigandishwa siku ya tatu, kazi hiyo husimama, na ukiiyeyusha utapata nyama ngumu ya siku ya tatu. Ikikomazwa siku 21 ndipo ikagandishwa haraka, ni watu wachache sana mezani watakaoitofautisha na isiyowahi kuona friza.

Penye kuharibika hasa ni kwenye kuyeyusha. Hesabu siku nzima kwa kila kilo mbili, kwenye chumba cha nyuzi 4. Pande la kilo sita linataka siku tatu, na nafasi jikoni mwa meli ni dhahabu. Mpishi aliyebanwa na muda hulihamishia kwenye maji yanayotiririka, jambo linaloruhusiwa maji yasipozidi nyuzi 21, au hulikata steki moyo wake ukiwa bado una barafu. Steki hiyo ikifika motoni, ukingo unapitiliza wakati katikati pangali baridi, na maji mekundu yaliyotakiwa kubaki kinywani mwako yamebaki kwenye trei.

Hapo ndipo tunafika kwenye steki yako ya kijivu ya usiku wa kwanza. Meli za kitalii kwa kawaida hupika kwa umeme. Moto wa wazi baharini ni hatari isiyotakiwa. Bamba la umeme, yaani chuma bapa cha kuchomea nyama, linaweza kutoa steki nzuri kabisa, lakini lina mipaka. Chukua bamba la nyuzi 240. Laza steki arobaini za nyuzi 4 kwa wakati mmoja, zikiwa na unyevu wa mfukoni, na joto la bamba linaporomoka. Maji yanatoka kasi kuliko yanavyokauka, na maji yakiwepo uso wa nyama hauvuki nyuzi 100. Rangi ya kahawia na harufu ya nyama choma huhitaji uso mkavu wenye joto la karibu nyuzi 140 kwenda juu. Kwa hiyo steki zako hazikuchomwa, zilichemka. Kisha zikapangwa kwenye trei, zikamaliziwa ndani ya oveni, zikasubiri zamu ya meza yenu kabatini. Ng'ombe wa Prime angetoka kijivu vilevile. Dawa yake mpishi anaijua: kausha steki kwa karatasi, acha robo ya bamba wazi, geuzia pale palipo na joto lililopumzika. Kinachokosekana ni dakika, maana ukumbi una mamia ya watu waliokaa kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo, naam, mgahawa wa kulipia mara nyingi una thamani ya pesa yake, na sababu ya kwanza ni kwamba pale steki yako inapikwa baada ya wewe kuiagiza. Daraja huja la pili. Ukibaki ukumbi mkuu, agiza nyama inayopikwa polepole na kusubiri bila kuharibika, au sarara, ambayo huwa laini hata kwa ng'ombe wa daraja la kawaida kwa kuwa msuli ule haufanyi kazi kubwa mwilini.

Na hilo la sarara ndilo linalonileta kwenye kosa ninalochoka kulisahihisha: kwamba nyama laini ndiyo nyama bora. Ulaini ndicho kitu rahisi kuliko vyote kutengeneza. Nyama ngumu kabisa ya paja inaweza kulainishwa kwa mashine chini ya dakika moja, na hakuna ladha hata chembe itakayoongezeka. Ladha hutoka kwenye mafuta, umri na chakula cha mnyama, ukomavu na uso uliochomwa vizuri. Mtu akikusifia steki kwa kusema "inakatika kwa uma", amekueleza jambo moja tu, na huenda lilitengenezwa jikoni.

Kinywa kinaweza kukuambia lililofanyika ukikisikiliza. Nyama ikiachana nyuzi nyuzi, ni mkato wenye kolajeni nyingi (zile kano ngumu zinazoshikilia misuli) uliopikwa muda mrefu. Hakuna hila hapo. Ikidunda kama soseji na chumvi imeenea hadi katikati, imechomwa sindano za maji ya chumvi na fosfeti, kiungo kinachoifanya nyama ishike maji. Ikiwa safu ya juu ni uji na katikati kuna uhai, huo ni unga wa kulainishia, ambao kwa kawaida una papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi. Ikiwa laini ovyo kila mahali na imekauka, tazama ubavu wa kipande: ukiona mikato midogo iliyosimama sambamba, imepitishwa kwenye mashine ya visu vyembamba. Prime rib iliyookwa taratibu huwa laini pia, lakini nyuzi zake utazihisi, na kisu utakihitaji kidogo.

Unga wa papaini nauweka peke yake kwa sababu unauzwa kama muujiza. Haupenyi, hufika milimita chache tu. Kwenye friji karibu haufanyi kitu, na ndiyo maana watu huona haujafanya kazi wakaongeza kijiko kingine. Kazi yake kubwa huifanya kati ya nyuzi 60 na 70, yaani nyama ikiwa motoni au ikisubiri kwenye kabati la joto. Steki iliyopakwa papaini ikasubiri saa nzima kwenye nyuzi 60 inaendelea kumeng'enywa hadi sahani inakufikia. Vimeng'enya vya nyama yenyewe huchagua pa kukata. Papaini hukata popote, ndiyo sababu nyama huishia kuwa kama mkate uliolowa. Hapa ndipo shemeji yako anapoweza kuwa na hoja, ingawa "dawa" yenyewe ni utomvu wa papai.

Uji mdomoni hauui mtu. Ile mashine ya visu vyembamba ndiyo ninayotaka uiogope, iwe melini, hotelini au nyumbani. Kwenye pande zima la nyama, bakteria kama E. coli O157:H7 hukaa juu ya uso, na ukiuchoma uso umewamaliza. Ndiyo maana steki nzima huliwa ikiwa nyekundu ndani. Mashine ya visu huwachukua juu na kuwapeleka katikati, mahali ambapo moto wa steki nyekundu haufiki. Marekani imelazimisha nyama hiyo iandikwe hivyo kwenye lebo tangu mwaka 2016, ikiwa na maelekezo ya kuipika. Lakini lebo iko kwenye katoni bohari, haiko kwenye sahani yako. Kile kijimaandishi cha chini ya menyu kinachoonya kuhusu nyama isiyoiva vizuri, ambacho kila mtu hukiruka, kinahusu pia hali kama hiyo.

Rangi haitakusaidia, kwa kuwa nyama inaweza kugeuka kahawia kabla haijafikia joto salama. Wala usinipe habari za kubonyeza steki na kulinganisha na kiganja cha mkono. Mnofu wa sarara na wa paja vikiwa na joto lilelile havibonyezeki sawa, na kiganja cha mpishi wa meli si kiganja chako. Kipimajoto cha sindano huchomekwa kwa ubavuni hadi katikati kabisa ya kipande, kisigusane na mfupa. Steki nzima isiyochomwa kitu ukiitaka ya waridi, nyuzi 54 hadi 57. Iliyopita kwenye visu au sindano, 63 kisha ipumzike dakika tatu. Ya kusaga, 71 bila mjadala. Mwulize mhudumu kwa maneno haya: "Steki hii ni nzima, au imepitishwa kwenye mashine ya kulainisha?" Akienda jikoni kuuliza, msubiri. Akijibu papo hapo kwamba usijali, agiza yako iive kabisa.